Jumamosi ya Nesta

Mvua ya Ludlow haina haraka: inanyesha
kama mtu anayehesabu senti.
Bandani, Nesta kalala chali, tochi mdomoni,
na gari la babake, viti viwili, halina paa,
limemkalia juu kama deni.

Kabureta zake mbili ni wake wenza:
hii ikicheka, ile yanuna.
Hizo ni za kesho. Leo ni nati moja,
imegoma tangu Alhamisi.
Ameitia oili, ameipasha moto,
ameitukana kwa Kiwelisi,
lugha aliyorithishwa kwa kazi hiyo tu.

Tone likamdondokea shavuni.
"Likiacha kuvuja," mzee alikuwa akisema,
"ujue oili imekwisha."

Akakwangua lami chini ya sakafu.
Penye tundu, kiraka: ribiti nne,
kifuniko cha mkebe wa biskuti,
na kondoo wa rangi, mashavu mekundu,
aliyeitazama barabara miaka thelathini gizani.

Bati jipya lipo mezani, limekatwa kwa kipimo.

Nesta akamfuta kondoo uso kwa kidole gumba,
akarudia spana.

Nati ikalia.
Ikazunguka robo.