Shilingi Ishirini

Walikuja dukani kwangu saa tano, mvua ikinyesha,
Muthoka na kasha lake la plastiki ndani ya koti,
Abdirizak na kitu alichokifunga kwa leso ya mkewe.
Walisema wanataka fotokopi.
Nadhani walitaka shahidi.

Barabara ya River, ngazi ya pili, mlango unaokwama:
picha za pasipoti, nakala, kadi kutiwa plastiki.
Miaka ishirini na sita ninafunika sura za watu kwa moto
zisilowe.

Muthoka akaitoa yake kwa ncha za kucha,
kama anayelaza kichanga.
Zablon Ekidor, jezi nambari arobaini na moja,
karatasi inang'aa hadi unauona uso wako juu ya uso wake.
"Hii ndiyo kadi ya mwanagenzi," akasema.
"Mwaka wake wa kwanza kwenye ligi ya Marekani.
Kabla ya hapo ni mimba tu, na mimba haina jina."

Abdirizak akacheka hadi akakohoa.
Akafungua leso: kadi ya chingamu,
ya kile kiwanda cha Lunga Lunga kilichofungwa.
Ekidor wa miaka kumi na saba, kwenye benchi, taulo kichwani,
jina limekosewa, EKIDORO,
na harufu ya sukari bado imo.
"Mimba gani hiyo inayofunga pointi thelathini Kaloleni,
kwenye pete isiyo na wavu?
Mcheza kwao hutunzwa."

"Alitunzwa na nani? Na chingamu?
Alipanda ndege na viatu vya kuazima."

Hapo pakawa kimya kidogo, maana ilikuwa kweli,
na maana viatu vilikuwa vya Abdirizak.

Kisha wakaendelea. Kampuni ikichapa bila idhini, hiyo ni kadi?
Na akiwa ameketi tu, huyo ni mchezaji?
Na ile ya mashindano ya shule, picha imepigwa stepla,
muhuri wa mwalimu mkuu umemkata kidevu?
Kile ni kitambulisho, akasema mmoja.
Na kadi ni nini, akauliza mwingine,
kama si kitambulisho kilichopandishwa bei?

Za shule nimeziona. Mwaka huu pekee nimeletewa nne,
kila moja halisi, kila moja imeapiwa.
Sikuwaambia kitu. Ile yenyewe niliifunika mimi
mashine ikiwa haijapata moto sawasawa,
povu la hewa likabaki kando ya sikio la kushoto,
dogo, kama punje ya mtama.
Kijana akaligusa kwa kidole kirefu.
"Ananong'onezwa," akasema.
Halafu akapapasa mifuko, huu, na huu.
"Nitaleta kesho, dada."

Sijui kwa nini nilitoa daftari. Labda ubishi unaambukiza.
*Ekidor Z., kadi moja, sh. 20.*
Wino wa bluu. Haujapigwa mstari.

Muthoka akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
Bei aliyoitaja ingelipa kodi ya chumba hiki hadi Desemba.
"Ukurasa huo tu," akasema. "Wembe ninao."

Nikausoma wote, kwa sauti, taratibu:
Nekesa, nakala sita za cheti cha kifo.
Fundi Kilonzo, picha nne, amefumba macho, arudie.
Mtu wa viazi, barua ya kuomba kazi.
Yule msichana wa koti la kijani, sh. 5.
Hawa hakuna aliyewachapa popote.
Nikafunga daftari nikalikalia.

Mvua ikapungua. Wakashuka ngazi
wakibishana kama benchi ni sehemu ya uwanja.
Walikuwa wametoa nakala za kadi zote mbili,
mbele na nyuma, za rangi.
Hawakulipa.

Nikatafuta kalamu.