Swali la Kumi na Tisa

Hojaji ilifika Nyalenda imenyooka kama iliyopigwa pasi,
kurasa kumi na mbili, pini pembeni,
nami nyuma yake, kitambulisho shingoni.
Swali la kumi na tisa: Je, kuna sabuni chooni?
Ndiyo, moja. Hapana, mbili.
Zungushia duara, nenda la ishirini.

Choo cha ploti ya Oguta kina mlango wa bati
na kaya tisa zinazoupigania alfajiri.
Sabuni hamna.
Nikazungushia mbili. Ploti ya pili, mbili.
Kufikia saa sita nilikuwa na mbili thelathini na moja,
zimefuatana kama bata waendao mto Wigwa,
na kichwa cha ripoti kilikuwa kimeshajiandika:
watu hawa hawanawi.

Roselida Akeyo alikuwa akichambua osuga.
"Umeuliza choo," akasema. "Sabuni hujaiuliza."
Akajifuta mikono, akaniingiza ndani.
Nyuma ya pazia, juu ya kabati la vyombo,
soksi ya mtoto wa shule imepigwa fundo,
na ndani ya soksi kipande
chembamba kama ulimi wa paka.
"Ukiiacha nje, kunguru humtangulia jirani.
Ukiiacha chooni, jirani humtangulia kunguru.
Hapa mtu huenda na soksi yake
na hurudi nayo."

Kwenye barabara kuu kuna bango:
mama mwenye meno meupe amefungulia bomba
na kuliacha likimwagika,
povu limempanda hadi kwenye viwiko.
Chini ya bango hilo hilo, dukani kwa Wekhomba,
mche wa sabuni hukatwa kwa uzi,
cha shilingi kumi, cha ishirini.
Povu haliuzwi kwa kipande.

Nikaandika pambizoni kwa penseli:
Ipo. Ndani ya soksi.
Msimamizi wangu, Bi. Kageha, akasoma, akasugua macho.
"Pambizo haiingii kwenye kompyuta, Jerusha.
Yenyewe inajua moja na mbili."
"Na tatu je?"
Tatu, akasema, ingehitaji kibali kutoka kwa aliyetunga maswali,
na aliyetunga maswali
ana bomba.

Kesho yake nilirudi bila karatasi.
Nilipiga hodi, nikakaa, nikapewa habari za mvua,
kisha nikasema: naomba kunawa.
Mtoto akatumwa mbio.
Nikahesabu hatua zake, kumi na nne kwenda,
nikasikia kabati, nikasikia fundo likifunguka.
Nyumba ya pili, chini ya godoro.
Ya tatu, kwenye mkebe wa majani ya chai.
Nyumba nne sabuni haikutoka;
mama mmoja alinimiminia maji matupu
akitazama pembeni.
Hizo niliziandika mbili, na kalamu ilikuwa nzito.

Nilinawa mara thelathini na moja siku hiyo.
Jioni vidole vyangu vilikuwa vimekunjamana
kama vya dobi,
na ile hojaji, mezani kwa Bi. Kageha,
haikuwa na mkunjo hata mmoja.