Kamba ya Geti la Pongwe

Miaka kumi na moja nilishika kamba.
Si ya ng'ombe, wala ya kisima:
katani ya humuhumu mkoani, nene kama kifundo cha mkono,
na katikati yake kitambaa chekundu
ili anayetoka Muheza kwenda Tanga ajue
kwamba barabara, hata ikiwa tupu, ina mwenyewe.

Nilikuwa na kiti, mwavuli wa kampuni ya soda,
na kitabu cha risiti: nyeupe ya mpita njia,
ya waridi ya halmashauri,
ya buluu ya mtu nisiyemjua.
Sikuwahi kuuliza buluu inakwenda wapi.

Kidawa Semhando alifika alfajiri,
baiskeli akiisukuma kwa kifua,
magunia mawili ya machungwa yameikalia kama wakwe.
"Kibali?"
Akaiegemeza kwenye nguzo yangu.
"Mchungwa niliupanda mimi. Maji niliteka mimi.
Mbolea ni ya mbuzi wangu.
Mnunuzi yuko Mgandini ananisubiri, na hela ni yake.
Sasa wewe, kaka yangu, kibali chako
kinaingilia upande gani wa chungwa?"

Nikamwandikia faini.
Nilikuwa nasifiwa kwa mwandiko.

Mwaka ule wakubwa walikaa kikao cha chai na sambusa,
wakatoa bei elekezi; kuuza chini yake ni kosa.
Walimhurumia mkulima. Nawajua, hawakuwa watu wabaya.
Lakini bei si paka, uiite ije.
Inakaa midomoni mwa watu elfu wasiojuana:
mama wa juisi Barabara ya Kumi na Tatu,
dereva wa Horohoro anayehesabu dizeli,
mtoto wa shule mwenye sarafu moja na kiu.
Nani kikaoni aliwahi kuwasikia wote?
Malori ya Mombasa yakageuza.
Machungwa yakabaki kwangu getini,
yakavimba, yakanuka pombe,
nami nikajaza safu ya "yaliyozuiliwa":
magunia mia nne na ishirini.

Mkutanoni Mwalimu Kilua akasimama kuyasema hayo.
Akaulizwa: umetumwa na chama gani?
Hakutumwa. Alikuwa na pua.
Akaketishwa, tukapiga makofi, na mimi nikiwemo;
viganja vyangu bado vinakumbuka.

Msinisingizie. Sisemi sheria zife.
Lumbesa, gunia lililopigwa kilemba, ni wizi uliovaa nguo,
na mizani yenye muhuri pale sokoni naiombea uzima.
Deni lilipwe. Shamba la mtu liwe la mtu.
Mwizi akamatwe hata akishuka kwenye gari la serikali.
Sheria ya namna hiyo ni ukuta wa nyumba:
unapata usingizi kwa sababu upo.
Kamba yangu ilikuwa kitu kingine.
Ilipanda kwa anayenijua,
ikashuka kwa aliyenisalimia vibaya.

Hata arusi ya mpwa wangu, ngoma ililipiwa kibali.
Afisa akauliza zitaimbwa nyimbo zipi,
wanawake watavaa nini.
Shangazi Mwanakombo akajibu: "Watavaa."

Nimestaafu. Geti liling'olewa,
likawekwa jingine mbele kidogo, la mashine.
Mimi nilipewa kamba, na saa ya ukutani isiyotembea.

Jumamosi Kidawa alipita kwangu Chumbageni,
mvi zimemjaa, gunia linalegea kwenye keria.
"Una kamba?"
Nikamtolea. Akaitambua kwa kile kitambaa,
akakifungua, akafutia mikono,
akazungusha kamba mara tatu, akaivuta hadi ikalia.
"Shilingi ngapi?"
"Utakavyoona."
"Mia tano na machungwa mawili. Ukikataa naenda kwa jirani."
Nikakubali. Tukacheka kidogo, si sana.
"Na risiti?" akauliza,
nikajikuta mkono uko mfukoni, natafuta kalamu.