Namba 212 Ingali Wazi

Leo nimelizima daftari la kasoro.
Miaka kumi na minne liliishi kwenye kabati la korido,
hapa Tartu, ndani ya kompyuta kuukuu iliyovuma
kama friji yenye kinyongo.
Paka wetu Nurr aliigeuza kitanda.

Virve aliniuliza swali moja tu:
"Basi chupa zangu za jamu zitarudi mahali pake?"
Zitarudi, nikasema. Joto limekwisha.

Tulikuwa tisa. Programu yetu iliorodhesha vitabu
vya maktaba ndogo, zile za shule na vijiji,
zenye mkutubi mmoja na jiko la kuni.
Hatukulipwa. Mshahara wetu ulikuwa mtu wa Võru
kutuandikia usiku wa manane: "Kadi zinatoka mbili mbili,"
na mmoja wetu, mswaki ungali mdomoni,
kumjibu: "Nimeiona. Subiri kidogo."

Subiri kidogo.
Indrek alipata mapacha.
Kaur alihamia Ujerumani, akawa anajibu Krismasi kwa Krismasi.
Leelo aliugua, nasi tukajua
kwa kuwa wiki tatu zilipita
hakuna aliyetusahihisha tahajia.
Wa mwisho kubaki na funguo ni mimi,
na mwenye funguo, nimejifunza, si mwenye nyumba.
Ni mfagiaji.

Zilisalia kasoro mia sita thelathini na moja.
Amri ya mstari mmoja ingetosha kuzifunga zote:
Haitarekebishwa. Haitarekebishwa. Haitarekebishwa.
Niliiandika, kisha kidole kikagoma.
Nikaanza kuzisoma, moja moja,
kama mtu anayechoma barua lakini anazifungua kwanza.

Yupo aliyeandika kwa herufi kubwa tupu, HAIFANYI KAZI,
asiongeze lingine.
Yupo aliyeomba radhi mara nne kabla ya kusema shida yake.
Mtoto wa shule aliripoti kwamba ile rangi ya kijivu inahuzunisha;
Indrek akaitia alama: muhimu.
Ugomvi wangu na Kaur, majibu sabini na mawili,
kuhusu mkato mmoja.
Alikuwa sahihi. Sijawahi kumwambia.

Halafu 212, ya Leelo.
Herufi õ katika jina lake la ukoo, Lõhmus,
ikichapwa kwenye kadi hutoka alama ya kuuliza.
"Mimi ni L?hmus," aliandika. "Mashine inataka kujua
kama nina uhakika. Ninao."

Nilikesha nayo hadi saa tisa.
Nje, theluji ya Machi, ile isiyojua kama ni mvua.
Kosa halikuwa letu hata chembe. Lilikuwa ndani ya printa
ambayo kiwanda chake kilikwisha fungwa.
Ningeweza kuandika hivyo, nikaifunga kwa haki.
Nikazifunga zingine zote. Hiyo nikaiacha.
Nikabonyeza kitufe, na ule mvumo
ukashuka, ukashuka, ukawa kabati.

Diski niliitia ndani ya soksi ya sufu.
Iko nyuma ya jamu.

Asubuhi taa ya ngazi haikuwaka.
Vidole vyangu vilishaanza kuandika hewani:
Jengo la saba, ghorofa ya pili. Bonyeza swichi.
Kinachotarajiwa: mwanga.
Kinachotokea: hakuna.
Sikuwa na pa kuyapeleka maneno hayo.
Nikasimama gizani nikayasema kwa sauti, yote, kwa mpangilio wake,
kama mwehu.

Mlango wa juu ukafunguka kidogo.
Bi Salme, ambaye miaka ishirini hajanipa zaidi ya salamu,
akanyoosha mkono kwenye swichi ya kwao,
akabonyeza mara moja, akabonyeza tena.

"Hata huku," akasema. "Haiwaki."