Mraba wa Shangazi

Mji wa Sur nimeukata vipande vya mita kumi kwa kumi.
Kila mraba una namba yake, kimo kutoka usawa wa maji, basi.
Hauna jina, hauna mlango, hauna anayedaiwa dukani.
Chini ya Makran nalivunja bamba la dunia kwa kidole kimoja,
tetemeko la nane nukta nane,
na Hilali, meza ya pili, anauliza kama nataka chai.

Bahari inainuka kama shuka linalokung'utwa upande mmoja tu.
Dakika ya kumi, kwenye kina kirefu, wimbi halina makuu:
meli ingepita juu yake na nahodha asimwage kahawa.
Dakika ya ishirini na sita, hori linakauka.
Dakika ya thelathini na tatu, linarudi,
na mraba wa 4127, wenye nyumba ya shangazi Ghaniya,
unageuka buluu.

Nikajaribu nane nukta tano. Mkavu.
Nane nukta saba. Mkavu, ila umelowa kona moja, palipo jiko,
ilipo mbuzi ya nazi aliyotoka nayo Pemba mwaka wa sitini na nne,
alipoacha vitanda, akaacha karafuu zimeanikwa,
akakumbatia kibao cha kukunia nazi.

Shetani akaninong'oneza: ongeza nusu mita pale,
nani atajua? Hata setilaiti hukosea.
Ijumaa nikaenda na vipimo vyangu.
Setilaiti ilikosea kweli.
Nyumba iko chini zaidi, sentimita arubaini.
Nikaandika arubaini.

"Basi tutembee," nikamwambia, nikabonyeza saa ya simu.
Kutoka kizingitini hadi kilima chenye mnara
hesabu yangu inampa dakika kumi na tisa,
goti lake la miaka sabini na minane nimeshaliingiza.
Kwa Bi Thuraya tukasimama:
hujambo, na watoto, na presha, na yule wa Maskati keshaoa?
Kwa Mbangladeshi anayetengeneza simu:
Kiarabu nusu, mikono nusu, cheko zima.
Kwa wale vijana wa gereji, ambao hata majina yao hayajui,
akauliza kama wamekula.
Juu tulifika dakika ya thelathini na moja.

"Shangazi, siku hiyo usisimame."
Akanitazama kama niliyemtukana mbele ya wageni.
"Nipite milango ya watu kimya?
Wao wamekaa, hawajui,
na mimi najua?"

Leo nimerudi kwenye mashine. Chai ya Hilali imepoa.
Nimeandika: salamu, dakika kumi na mbili.
Kuna safu ya vinavyochelewesha, na kuna safu ya tahadhari.
Tangu asubuhi
sijui niiweke wapi.