Hazitaki Kulala

Mukumari huu ulikatwa Mbale, barabara ilipopanuliwa,
ukanifikia Kibuye ndani ya gunia, nyuma ya pikipiki,
kipande kimoja tu: pale shina lilipogawanyika panda,
pale mti uliposita, uende huku au kule,
na kusita kwake kukaandikwa ndani, wimbi juu ya wimbi.

Mwenye nao, Bi. Khasoa, alisema neno moja: bakuli.
Alipofika mlangoni akaongeza: laini, kama ndani ya shavu.

Nje ilikwenda vyema. Maranda yaliruka marefu,
yakaninig'inia shingoni kama riboni za harusi.
Ila ndani, saa tatu na saa tisa,
kila patasi ilipopita nyuzi zilinyofoka,
ngozi ya kuku aliyenyonyolewa kwa pupa.
Nikakandamiza. Zikanyofoka zaidi.
Nikashika msasa wa sitini, nikasugua kama sufuria ya ugali,
vumbi likanijaa puani, mti ukashika moto mkononi,
na makovu yaleyale yakabaki yananitazama.

Aluoch, mwanafunzi wangu, wiki ya sita kazini,
alikuwa anafagia. Hakuinua kichwa.
"Fundi, leo umenoa hasira. Patasi bado."

Nikaenda kwenye kinoo. Maji. Taratibu.
Mpaka makali yakanyoa vinyweleo vya mkono wangu
bila mkono kupata habari.
Nikapaka mafuta penye majeraha, nikangoja mti unywe.
Nikalaza patasi mshazari,
nisikate, ninyoe; nisisukume, nifuate.
Zikatoka nywele za mahindi mabichi,
pumzi yangu ikazipeperusha.

Saa tisa ikalala.
Kabla ya saa tatu, tokeni za stima zikaisha.

Kwa jirani misumeno inalia. Ni mimi tu niliyesahau kununua.
Kerezo likapunguza, likajivuta, likasimama,
na bakuli liliposimama ndipo nilipoliona.
Likizunguka ni duara, kila upande sawa, uongo mtamu.
Likitulia lina mapando na miteremko
kama njia za Maragoli,
na hakuna anayezipita zote kwa hatua moja.

Nikakaa juu ya ndoo. Msasa wa mia nne, kipande cha upana wa gumba.
Zilipoelekea, nikaelekea. Zilipogeuka, nikageuka.
Aluoch alipakata bakuli, akaligeuza nilipomwashiria,
hatukusemezana mpaka wauza omena walipofunika meza zao.

Bi. Khasoa alikuja Alhamisi. Akatia mkono, akazungusha kidole:
saa tisa, saa kumi na mbili, saa tatu. Kikasimama.
"Hapa pana kitu."
"Papo," nikasema. "Hapakutaka kulala pote."

Hakulirudisha. Kidole kilibaki palepale,
kikienda, kikirudi, kama cha mtu anayebembeleza mtoto,
kisha akauliza, bila kunitazama,
kama masalio ya ule mti yanatosha kijiko.