Kufuli la Mbagala

Kufuli hili tulilinunua Mbagala Rangi Tatu
kwa mmachinga aliyeligonga nyundo mbele yetu
tuone halifunguki.
Tukalitia getini.
Shazili, miaka minne, akawa mtu wa kuchungulia:
jicho kwenye tundu la bati,
anahesabu viatu vya wapita njia.
Nikirudi kazini ananikabidhi hesabu:
"Mama, leo raba zimeshinda kandambili."

Sikumfungia kwa ukatili.
Nje kulikuwa na bodaboda, na mtaro usio na mfuniko,
na jirani niliyemjua kwa kikohozi chake tu, ukutani.
Dada wa kazi naye alikuwa mtoto,
analilia kwao tamthilia ikianza.
Wakaleana wawili, ndani ya kufuli.

Sasa tuko Kitangari, kwa mama mkwe.
Kufuli limekuja nasi ndani ya soksi,
na bibi alipoliona alicheka hadi akakaa chini.
"Mlango wangu huu wa fito!
Mwizi aje achukue nini, majivu?"
Usiku akalifikiria.
Kulipokucha akalitia kwenye mfuniko wa kisima cha uani,
kile kinachokunywa mvua ya bati
na kutulisha kiangazi chote kwa kikombe,
ufunguo akaufunga pindoni mwa kanga.

Basi kule tulimfungia mtoto, maji yakapita.
Huku tumeyafungia maji,
mtoto ndiye anapita.

Anapita kweli. Asubuhi namwona kisogo,
jioni namwona vumbi.
Shati la shule lina doa la bibo
lililozishinda sabuni zote za dukani kwa Mnyachi.
Anajua korosho ipi imeanguka yenyewe
na ipi imeangushwa.
Kimakonde chake kimeshanipita mimi Mmwera:
wananong'ona na bibi yake, wanacheka,
na nina hakika ni juu ya mboga yangu.

Lakini msiniletee habari za hewa safi.
Darasani wako tisini na mmoja,
mwalimu ana chaki moja, anaikata kwa meno wagawane na darasa la pili.
Na Oktoba homa ilipompanda
tulimbana katikati, mimi na dereva wa pikipiki,
usiku, mchanga, Newala haifiki.
Mbagala zahanati ilikuwa mlango wa tatu.
Njia nzima nilikuwa nasema hivyo, kama mtu anayesoma dua:
mlango wa tatu, mlango wa tatu.

Tuliporudi, jua limeshapanda,
uani kulikuwa na watu.
Mama Namtipa, yule aliyemchapa kwa kupanda mkorosho wake,
nikamnunia siku tatu,
alikuwa amechutama mekoni kwetu, anakoroga uji.
Hakunisalimu.
"Lete mtoto. Kaoge."
Na mama mkwe akafungua pindo, akafungua kufuli,
akanitekea ndoo.
Ndoo nzima, mwezi wa Oktoba!
Nilioga huku naogopa kumwaga.

Jumapili baba yake hupiga simu.
Januari kuna nafasi shuleni, anasema,
basi linawafuata watoto hadi mlangoni.
Namwambia tutaona. Kila Jumapili tunaona.
Juzi Shazili akaninyang'anya simu:
"Baba, viatu bado vinapita?"
Kimya kidogo. Kisha sauti ya mtu anayetafuta kalamu:
"Unataka viatu? Sawa, mwanangu. Saizi gani?"

Nikachukua njiti ya muhogo
nikaipima kwenye unyayo wake, peku, mgumu,
mwiba ulioingia Ijumaa bado haujatoka.
Njiti haikutosha.
Nikatafuta nyingine.